Kamukunji: Daftari Litangulie Mashine

Shiti bapa la bati la futi 8 kwa 4 lina inchi 96 za urefu na 48 za upana. Fundi wa Kamukunji, Nairobi, anayetaka kulikata vitako vya duara vya inchi 10, akivipanga safu kwa safu, kimoja chini ya kingine, atapata 36: safu nne zenye vitako tisa kila moja. Lakini akiisogeza safu ya pili kando kwa inchi 5, ili kila kitako kiingie kwenye nafasi iliyo kati ya viwili vya juu yake, na akaendelea hivyo hadi chini, bati lile lile litampa safu tano za tisa tisa. Hivyo ni vitako 45. Tisa vimeongezeka bila kulipiwa. Kwa mpangilio wa kwanza, karibu asilimia 39 ya bati lililonunuliwa huishia sakafuni. Kwa wa pili, ni asilimia 23.

Mtu angeweza kukimbilia kusema kwamba basi mafundi wote wapishanishe safu. Asikimbie. Kwa vitako vya inchi 12, kupishanisha hakuongezi hata kimoja: ni 32 kwa njia zote mbili. Kwa vya inchi 6, ni 128 safu zikinyooka na 140 zikipishana. Faida inaruka kutoka sufuri hadi robo nzima kwa tofauti ya inchi mbili tu, na jicho, hata la fundi aliyezeeka katika kazi hiyo, haliwezi kuikisia. Inabidi kuchora, kuhesabu na kuandika. Vifaa vinavyohitajika ni chaki, rula na daftari la shule.

Kila viwanda vidogo vya Eastlands vinapotajwa, wimbo ni ule ule: mafundi wapewe mitambo ya kisasa, wapewe mikopo, wajengewe vibanda. Hayo yote ni mahitaji ya kweli na hakuna anayeyabeza. Hata hivyo, kuna jambo la bei nafuu kuliko yote hayo linalorukwa kila mara, nalo ni kupima: bati kiasi gani limeingia na bidhaa ngapi zimetoka, mashine imefanya kazi saa ngapi na imengoja saa ngapi, tokeni za stima za shilingi ngapi zimekwenda kwa kila lango lililochomelewa. Karakana isiyojua nambari hizo itaendelea kupoteza hata ikiletewa mashine mpya, tena itapoteza kwa kasi zaidi.

Ukanda wenyewe si mdogo. Kamukunji, pembeni mwa Shauri Moyo, hutoka masanduku ya wanafunzi wa bweni, makarai, majiko, wilbaro na vikaangio vya chipsi. Gikomba, zaidi ya mitumba inayoipa jina, ina maseremala na wapasuaji mbao. Ukielekea mashariki hadi Kariobangi Light Industries, utakuta watu wanaoyeyusha alumini kuukuu na kuimimina iwe sufuria na vipuri, wengine wanaosaga plastiki, wengine wanaotengeneza mashine za kusagia posho. Huyu anauza anachotupa yule. Kwa miongo mingi serikali iliwatazama watu hawa, mafundi wa jua kali, kama kero ya askari wa jiji, hadi ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulipoizuru Kenya na kuandika ripoti yake ya 1972, iliyosema kwamba sekta hii isiyo rasmi ina tija na inastahili kusaidiwa. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Moi alifika Kamukunji na vibanda vikajengwa. Mwaka 1992 ukaja waraka wa serikali kuhusu biashara ndogo na jua kali, na 2012 ikapitishwa sheria iliyozaa Mamlaka ya Biashara Ndogo na Ndogo Zaidi, MSEA. Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba ukiacha kilimo kidogo, zaidi ya wafanyakazi wanane kati ya kila kumi nchini wako katika sekta hiyo.

Kwa hiyo tunapozungumza kuhusu bati linaloanguka sakafuni Kamukunji, hatuzungumzii vijisenti vya watu wachache.

Ajabu ni kwamba Kamukunji na Shauri Moyo ndiko kulikozaliwa moja ya bidhaa zilizopimwa kwa makini zaidi katika historia ya Afrika Mashariki. Jiko la mkaa la bati tupu, lile ambalo husimuliwa kwamba lilikuja na vibarua wa Kihindi waliojenga reli, lilikuwa likipikia karibu kila nyumba ya Nairobi. Liliwaka vizuri. Tatizo lake halikuonekana kwa macho: sehemu kubwa ya joto ilipita ubavuni mwa bati na kuondoka zake. Agosti 1981 Nairobi ikawa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu vyanzo vipya vya nishati, na katika miaka iliyofuata Wizara ya Nishati, shirika la misaada la Marekani USAID na muungano wa mashirika uitwao KENGO wakaanza kulishughulikia jiko hilo. Maxwell Kinyanjui alikuwa miongoni mwa waliolisukuma mbele. Wazo la msingi lilitoka Thailand, kwenye jiko la ndoo lenye udongo ndani yake.

Kilichoitofautisha jitihada hiyo na miradi mingine mingi ni mizani. Mkaa ulipimwa kabla ya kuwashwa. Maji yalipimwa kabla ya kutiwa sufuriani. Yakichemka, mkaa uliosalia ulipimwa tena, na maji yaliyogeuka mvuke yakajulikana kwa kupima yaliyobaki. Kutokana na hesabu hiyo ikajulikana ni sehemu gani ya joto la mkaa ilifika kwenye chakula. Vipimo vilivyochapishwa baadaye viliweka jiko la bati tupu kati ya asilimia 10 na 20, na lile lenye udongo, likitengenezwa vizuri, kati ya 25 na 40.

Maabara peke yake haikutosha. Majiko ya kwanza yalipasuka udongo. Wanawake waliyapikia, wakalalamika, na malalamiko yao yakawa kipimo cha pili: jiko lenye ufanisi wa kupendeza kwenye karatasi halifai kitu likiyumba wakati ugali unasongwa. Umbo likabadilika. Likapata kiuno chembamba kinachoushika udongo, kitako kipana kinacholikalisha imara, na saruji iliyochanganywa na vermikulaiti kati ya udongo na bati. Mafundi wa bati waliendelea kuwa mafundi wa bati, wafinyanzi wakachoma vikombe vya udongo, na soko likafanya yaliyosalia. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 zaidi ya nusu ya nyumba za mijini Kenya zilikuwa nalo, na nakala zake zilikuwa zimefika Uganda, Tanzania, Rwanda, hadi Ghana na Senegal upande wa pili wa bara.

Sehemu ya hadithi hii isiyosimuliwa sana ni ile iliyofuata. Jiko lilipopendwa, kila mtu aliligeza. Wapo waliopunguza unene wa udongo, wapo waliouchoma nusu nusu, wapo waliotumia bati jembamba zaidi. Kwa nje yalifanana yote, na mnunuzi wa Jogoo Road hakuwa na mizani wala kipimajoto. Ufanisi uliopatikana kwa miaka ya kupima ukaanza kumomonyoka kwa sababu upimaji uliishia kwenye mradi na haukuingia kwenye kibanda cha fundi. Wafadhili walipoondoka, waliondoka na mizani yao.

Hapo ndipo lawama inapostahili kuelekezwa, na haistahili kumwangukia fundi. Bidhaa ilipimwa, kazi ya kuitengeneza haikupimwa kamwe. Familia moja ya Umoja au Kayole iliokoa mkaa kila siku kwa jiko lililokatwa kwenye karakana ambayo hadi leo haijui inapoteza bati kiasi gani kwa kila majiko mia.

Hapa mtu wa Kamukunji atacheka. Jua kali haipotezi kitu, atasema, na ana ushahidi. Kipande kikubwa kilichosalia huwa kifuniko. Kidogo huwa faneli au bawaba. Kidogo zaidi huenda kwa wenye vyuma vikuukuu, wanaokipeleka kuyeyushwa. Vumbi la msumeno la Gikomba hununuliwa na wafugaji wa kuku. Mafuta machafu ya gereji huwasha tanuri. Ukilinganisha na kiwanda kikubwa kinachopakia taka kwenye lori na kulipia zitupwe, jua kali ni ya kupigiwa saluti, na jalala la Dandora, lililofunguliwa katikati ya miaka ya 1970 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lingekuwa limefura zaidi kama si watu hawa.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini inajibu swali jingine. Swali si kama masalio yanatumika. Swali ni yanatumika kwa bei gani. Bati hununuliwa kwa bei ya duka na masalio huuzwa kwa kilo, kwa bei ya skrepu. Tofauti kati ya bei hizo mbili hulipwa na fundi kila siku, na kwa kuwa hailipwi kwa mkupuo, haimuumi mahali pamoja. Faneli iliyotokana na kipande kilichosalia nayo imekula saa ya mtu. Ikiwa saa hiyo ingezaa jiko zima, basi faneli ile imemtia hasara, hata kama imeuzwa. Zaidi ya hayo, biashara ya vyuma vikuukuu si ukuta wa kuegemea: Januari 2022, baada ya uharibifu wa nguzo za umeme kuitumbukiza nchi gizani, Rais Uhuru Kenyatta aliisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa. Aliyekuwa na masalio machache aliumia kidogo. Aliyekuwa na rundo alibaki nalo.

Mbao zina hesabu yao, na ni fupi. Msumeno wa duara hula takriban milimita 4 kila unapopita. Ukipasua ubao mara sita, umegeuza karibu inchi moja ya mbao kuwa vumbi. Msumeno wa utepe hula chini ya nusu ya hapo. Muuza kuku atalipia gunia la vumbi, ndiyo, lakini hatalipa bei ya mvule.

Kwa mashine, Mjapani Seiichi Nakajima aliacha njia rahisi ya kuuliza, ambayo viwanda vikubwa duniani vimeitumia tangu miaka ya 1970 na 1980. Alitaka mambo matatu yajulikane. Kwanza, kati ya saa ambazo mashine ilipaswa kufanya kazi, imefanya ngapi? Pili, ilipofanya kazi, ilikwenda kwa kasi yake? Tatu, katika ilivyotoa, vingapi ni vizima? Majibu matatu yanazidishwa. Tuseme mashine ya kusaga plastiki ya Kariobangi ina siku ya saa nane. Saa mbili zimepotea kwa kukatika stima na kunoa visu; imebaki na asilimia 75. Visu vikiwa butu inakwenda kwa asilimia 80 ya kasi. Kati ya plastiki iliyosagwa, sehemu ya kumi imechanganyika na uchafu na mnunuzi ameikataa. Ni asilimia 90. Kila nambari peke yake haitishi. Ukizizidisha unapata 54. Mwenye mashine anaamini anaitumia siku nzima, kumbe anavuna nusu siku na kidogo. Viwanda vinavyosifiwa duniani hulenga 85.

Faida ya kuzitenganisha nambari hizo ni kwamba zinaonyesha wapi pa kuanzia. Mwenye mashine hii, akiulizwa, pengine angesema anahitaji nyingine kubwa zaidi. Daftari lingemwambia anunue seti ya pili ya visu, ili vya kwanza vikinolewa kazi isisimame. Stima ikikatika hana la kufanya, ila akiandika kwa miezi mitatu saa inazokatika, anaweza kupanga kuchambua na kuosha plastiki saa hizo na kusaga nyingine. Kwa vyovyote, orodha ya tarehe na saa ina uzito mkubwa zaidi mbele ya kampuni ya umeme kuliko malalamiko matupu.

Yapo mengine yasiyohitaji hata daftari. Kampresa inayopuliza rangi au kujaza upepo kwenye magurudumu huvuja kwenye viungo vya mpira, na wataalamu wa nishati hukadiria kwamba katika mitambo isiyotunzwa uvujaji hula asilimia 20 hadi 30 ya hewa yote iliyobanwa. Kampresa inanguruma, tokeni zinakwenda, na hewa inapotelea hewani. Dawa ya kuupata uvujaji ni maji ya sabuni na brashi: penye povu ndipo penye tundu. Mashine ya kuchomelea ya transfoma, ile nzito inayosukwa hapa hapa mjini, huendelea kuvuta stima hata fundi anapopima, anapokata au anapoongea na mteja. Kuizima katikati ya kazi hakugharimu chochote. Tanuri la alumini nalo lina yake: alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na tanuri likiachwa lipande kupita kiasi kwa sababu hakuna anayepima, chuma zaidi huungua na kuelea juu kama takataka inayokwanguliwa na kutupwa. Fuko la vyuma vikuukuu lililonunuliwa kwa kilo linatoka likiwa na kilo pungufu, na mara nyingi lawama humwendea aliyeuza fuko.

Jambo gumu kuliko yote haya halihusu mashine. Linahusu watu.

Kupima kazi kuna historia mbaya, na mafundi wana haki ya kukunja uso. Katika miaka ya 1880, Frederick Taylor alisimama na saa mkononi katika kiwanda cha Midvale Steel, Philadelphia, akipima kila mwendo wa mkono wa mfanyakazi ulichukua sekunde ngapi. Tija ilipanda. Wafanyakazi nao walijifunza haraka kwamba saa ile ilikuwa ya bosi: aliyefanya kazi upesi leo aliwekewa kiwango kipya kesho. Mwaka 1911 wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha serikali huko Watertown, Massachusetts, waligoma mara tu baada ya saa hiyo kuletwa kwao, na miaka michache baadaye Bunge la Marekani likazuia fedha za umma zisitumiwe kulipia upimaji wa aina hiyo. Eneo la Viwanda la Nairobi linajua hadithi hii bila kuisoma. Mzee aliyestaafu kiwanda fulani na kurudi Makongeni au Jericho atakueleza jinsi kiwango cha siku kilivyopandishwa kila mara watu walipokifikia.

Toyota ilichukua njia nyingine baada ya vita. Taiichi Ohno aliorodhesha aina saba za upotevu, na miongoni mwake ni kungoja, kubeba vitu huku na huku, kutengeneza kuliko kinachohitajika na kutengeneza kibovu. Kasi ya mikono ya mfanyakazi haimo. Anayeona tatizo anasimamisha kazi, na mfanyakazi mwenyewe ndiye anayependekeza marekebisho. Toyota si pepo ya wafanyakazi, na hakuna haja ya kuipamba. Lakini mwelekeo wa kipimo ulibadilika: badala ya kumpima mtu, walipima kinachomkwamisha. Ethiopia ilivutiwa kiasi cha kuanzisha taasisi yake ya kitaifa ya kaizen (uboreshaji endelevu) mwaka 2011 kwa msaada wa Wajapani. Kenya ina Kituo cha Kitaifa cha Tija na Ushindani chini ya wizara ya kazi, na maafisa wake wanayajua haya vizuri. Ni vigumu tu kumpata fundi wa soko la Burma au Gikomba aliyewahi kumwona mmoja wao.

Karakana nyingi za Eastlands hulipa kwa kipande. Kijana anayekata bati analipwa kwa vitako alivyokata, wala halipwi kwa bati alilookoa. Bati ni la mwenye karakana. Kwa hesabu ya kijana huyo, kutumia dakika 10 kuchora safu zilizopishana ni kupoteza vitako kadhaa vya ujira wake ili mtu mwingine afaidike. Anakata kwa njia ya haraka, na yuko sahihi kabisa. Mwenye karakana anamwita mzembe. Hata akipewa mashine ya kukatia inayoendeshwa na kompyuta, kutoelewana huko kutabaki palepale.

Serikali nayo haijapimwa vya kutosha. Kanuni za usimamizi wa nishati za 2012 zinavitaka viwanda vinavyotumia zaidi ya yuniti 180,000 za umeme kwa mwaka vikaguliwe kila baada ya miaka mitatu na kutekeleza angalau nusu ya mapendekezo ya kuokoa nishati. Ni kanuni nzuri. Chama cha watengenezaji bidhaa, KAM, hutoa tuzo za nishati tangu 2004, na washindi huonyesha mamilioni waliyookoa. Yuniti 180,000 kwa mwaka ni 15,000 kwa mwezi. Karakana ya kuchomelea milango ya Donholm haitafika hapo hata ikikesha. Hivyo sheria inamlazimisha kujipima yule ambaye tayari ana mhandisi na mhasibu, na kumwacha nje yule asiye na yeyote.

Kisha kuna mitambo iliyonunuliwa kwa ajili ya mafundi wenyewe. Chini ya mpango wa kuchochea uchumi wa 2009, serikali ilianzisha vituo vya maendeleo ya viwanda katika maeneo bunge, CIDC, na kuvinunulia vifaa. Vingi vilikaa miaka bila kutumika: kwingine stima haikuwa imeunganishwa, kwingine hakuna aliyefunzwa kuviendesha, kwingine mlango ulifungwa tu. Ukizitumia nambari tatu za Nakajima, mashine iliyofungiwa ina sufuri katika swali la kwanza, na sufuri ukiizidisha na chochote hubaki sufuri. Vituo hivyo baadaye vilikabidhiwa MSEA. Kabla ya bajeti nyingine ya vifaa kupitishwa, wabunge wa Kamukunji, Makadara na Embakasi wangeweza kuuliza swali moja bungeni: vile vya kwanza vinafanya kazi saa ngapi kwa siku?

Hatua za kuanzia hazihitaji kamati. Mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ambao mafundi wengi waliojifunza kibandani huufanya ili wapate cheti, ungeweza kumtaka mtahiniwa aonyeshe si tu kwamba anaweza kutengeneza karai, bali ametumia bati kiasi gani kulitengeneza. Mizani moja ya pamoja katika kila uwanja wa jua kali, ikisimamiwa na chama cha mafundi wenyewe, ingetosha kupima masalio ya kila karakana mara moja kwa wiki. KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda iliyoko hapo karibu Eneo la Viwanda, ina watu wanaoweza kuchora kwa siku moja mpangilio bora wa kukata kwa saizi zote zinazouzwa sana Kamukunji, na kuuchapisha kwenye bango la kuning'inizwa ukutani: inchi 10, pishanisha, inchi 12, nyoosha, inchi 6, pishanisha. Fundi hatahitaji kujua hesabu iliyo nyuma yake.

Linalobaki ni vile vitako tisa. Ni vya nani? Mwenye karakana akivichukua vyote, mkataji atarudi kwenye safu zake zilizonyooka wiki ijayo, na bango litabaki pambo. Akimpa mkataji nusu ya thamani ya bati lililookolewa, likipimwa kwa mizani ya chama kila Jumamosi kabla ya malipo, yeye mwenyewe bado amefaidika kwa nusu aliyokuwa akiitupa, na mkataji ana sababu ya kuchukua chaki. Makubaliano ya namna hiyo hayangojei waraka wa serikali. Yanaweza kuandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lile lile, kiwango kikitajwa kwa shilingi kwa kila kilo, na pande zote mbili zikitia sahihi.